Jinsi ya Kulinganisha Utajiri wa Makaa ya Mawe wa Nchi Mbili: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Tanzania na Msumbiji

Mwaka 2011 kampuni ya Rio Tinto ililipa takriban dola bilioni 3.7 kuinunua Riversdale, kampuni iliyokuwa na leseni za makaa ya mawe mkoani Tete, Msumbiji. Januari 2013 ikafuta takriban dola bilioni 3 za thamani hiyo kwenye vitabu vyake, na mkurugenzi wake mkuu, Tom Albanese, akaachia ngazi. Mwaka 2014 ikaiuzia ICVL, muungano wa mashirika ya umma ya India, mali hiyo kwa dola milioni 50. Sababu zilikuwa mbili. Makaa bora yaliyoweza kuchimbwa yalikuwa pungufu ya yaliyotarajiwa, na serikali ya Msumbiji ilikataa mpango wa kuyasafirisha kwa matishari kwenye mto Zambezi hadi baharini. Njia ya maji ilipofungwa, mabilioni yakayeyuka.

Kama kampuni yenye wanajiolojia na wahasibu wa kila aina iliweza kukosea kiasi hicho, sisi wengine tunapaswa kuwa waangalifu maradufu tunaposoma kwamba nchi fulani "ina utajiri wa makaa" kuliko jirani yake. Mara nyingi hesabu iliyofanyika ni moja tu: tani zilizo ardhini mara bei ya soko la dunia. Hesabu hiyo hukuza thamani, na mbaya zaidi, haikuzi kwa kiwango kilekile kwa nchi zote mbili, kwa hiyo hata uwiano inaoutoa ni wa uongo.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uchumi, mwandishi wa habari, diwani wa wilaya yenye machimbo, au mtu wa asasi ya kiraia anayetaka hesabu anayoweza kuitetea mbele ya watu. Hesabu zenyewe zinahitaji karatasi na kikokotoo, au Excel ukipenda. Mfano ni Tanzania na Msumbiji: majirani wanaogawana mto Ruvuma, wote wakiwa na makaa ya miamba ya kale iitwayo Karoo, lakini hatima za makaa hayo zimeachana sana.

Hatua ya 1: Amua unalinganisha nini

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kutafuta takwimu yoyote. Kuna maswali manne yanayochanganywa kila siku. Nchi ipi ina tani nyingi zaidi? Nchi ipi ina makaa yenye thamani kubwa baada ya kutoa gharama? Serikali ipi hupata mapato makubwa zaidi kutokana na makaa? Na mwananchi wa nchi ipi ana fungu kubwa zaidi la utajiri huo? Kila swali lina jibu lake, na nchi inayoongoza kwenye la kwanza inaweza kuwa ya mwisho kwenye la nne.

Hapa tunafuata swali la pili, kisha tutagusa la tatu na la nne. Ndilo swali ambalo Benki ya Dunia hulitumia inapokadiria utajiri wa mataifa. Msingi wake ni kwamba thamani ya madini ni jumla ya ziada yatakayoleta miaka ijayo, ikirudishwa kwenye thamani ya leo. Ziada maana yake ni kinachobaki kwenye bei baada ya kulipa gharama zote za kuchimba, kusafisha na kusafirisha, pamoja na faida ya kawaida ya aliyeweka mtaji.

Hatua ya 2: Tenganisha mashapo na akiba

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanajiolojia wakisema eneo lina mashapo ya tani kadhaa, wanazungumzia makaa yanayokadiriwa kuwepo. Akiba ni sehemu ndogo ya mashapo hayo: ile iliyochorongwa vya kutosha na kuthibitishwa kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida, kwa bei na teknolojia ya sasa. Australia ina mfumo wa kuripoti uitwao JORC unaolazimisha kampuni kutofautisha madaraja haya, na kampuni nyingi zinazochimba Afrika huufuata.

Kwa Tanzania utakutana na takwimu ya tani bilioni 1.9, ambayo mara nyingi huambatana na maelezo kuwa karibu robo tu ndiyo iliyothibitishwa. Kwingine utasoma tani bilioni 5. Hizi si takwimu mbili zinazopingana. Zinapima madaraja tofauti ya uhakika. Kosa ni kuchukua bilioni 5 za Tanzania ukaziweka kando ya akiba iliyothibitishwa ya Msumbiji, au kinyume chake.

Tengeneza jedwali lenye safu tatu kwa kila nchi: mashapo yanayokadiriwa, mashapo yaliyopimwa, na akiba. Ukikosa takwimu ya safu moja, iache wazi. Usijaze pengo la nchi moja kwa takwimu ya safu nyingine.

Angalia vipimo pia. Taasisi ya takwimu za nishati ya Marekani, EIA, huripoti makaa kwa tani fupi, ambayo ni kilo 907 tu. Usipobadilisha, nchi uliyoichukulia takwimu EIA itaonekana tajiri kwa asilimia 10 zaidi ya ilivyo.

Hatua ya 3: Yajue makaa yenyewe

Tani moja ya makaa haifanani na nyingine. Ugawaji wa kwanza ni wa matumizi. Kuna makaa ya nishati, yanayochomwa kwenye vituo vya umeme, viwanda vya saruji na matanuri ya viwandani. Na kuna makaa ya koki, yanayookwa bila hewa hadi yawe koki ya kuyeyushia chuma. Haya ya pili ni adimu, na bei yake mara nyingi ni karibu maradufu ya yale ya kwanza au zaidi. Machi 2022 yalipita dola 600 kwa tani.

Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya majirani wetu wawili. Bonde la Moatize, Tete, lina makaa ya koki ya daraja la juu pamoja na ya nishati. Makaa yanayochimbwa Tanzania, kuanzia Ngaka wilayani Mbinga hadi Kiwira upande wa Songwe, huuzwa kama ya nishati. Mtu anayelinganisha tani kwa tani bila kutazama hili ameshaikosea Msumbiji kabla hajaanza.

Baada ya matumizi, tazama mambo manne kwenye ripoti ya maabara: joto, majivu, unyevu na salfa. Joto hupimwa kwa kilokalori kwa kilo. Bei maarufu za kimataifa, ile ya Newcastle huko Australia na ya Richards Bay huko Afrika Kusini, hutangazwa kwa makaa ya kilokalori 6,000. Makaa yako yakiwa na 5,400, zidisha bei hiyo kwa 5,400 na ugawe kwa 6,000. Ni makadirio ya kuanzia tu. Majivu yakiwa mengi, mnunuzi hukata zaidi, kwa sababu analipia kusafirisha jivu na baadaye kulitupa.

Uliza pia kipimo cha joto kilifanyika katika hali gani. Makaa yaliyokaushwa maabara huonyesha joto kubwa kuliko makaa yaleyale yakiwa na unyevu wake wa melini. Nchi zote mbili ziwe kwenye hali moja.

Hatua ya 4: Chagua bei, na usichague mwaka unaokupendeza

Makaa ya Newcastle yaliuzwa kwa karibu dola 50 kwa tani katikati ya 2020. Septemba 2022, baada ya vita vya Ukraine na Ulaya kuacha makaa ya Urusi, yalizidi dola 400. Katikati ya 2023 yalikuwa yameshuka chini ya dola 150. Ukichagua mwaka mmoja, umechagua jibu.

Tumia wastani wa miaka 5, kama Benki ya Dunia inavyofanya kwenye makadirio yake. Benki hiyo hutangaza bure kila mwezi bei za makaa ya Australia na ya Afrika Kusini, na jedwali lake linarudi nyuma miongo kadhaa. Kwa makaa yanayosafirishwa kupitia Bahari ya Hindi kutoka kwetu, bei ya Richards Bay hufaa zaidi kuliko ya Newcastle.

Vale ya Brazili inaonyesha mwaka mmoja unavyoweza kubadilisha kila kitu. Ilishinda zabuni ya Moatize mwaka 2004, ikaanza uzalishaji 2011, ikatumia mabilioni kwenye mgodi na reli. Desemba 2021 ikakubali kuuza mgodi pamoja na ushoroba wa Nacala (reli ya kwenda bandarini) kwa Vulcan, kampuni ya kundi la Jindal la India, kwa dola milioni 270. Vale ilikuwa imeamua kuachana kabisa na makaa ya mawe. Miezi michache baadaye vita vikaanza na bei zikapanda ajabu. Thamani ya Desemba na thamani ya Machi zilikuwa vitu viwili tofauti kwa mgodi uleule.

Kama sehemu kubwa ya makaa huuzwa ndani ya nchi, bei ya dunia peke yake haitoshi. Tangu Tanzania izuie uagizaji wa makaa mwaka 2016, viwanda vya saruji kama cha Dangote pale Mtwara, kilichokuwa kikileta makaa kutoka Afrika Kusini, vilielekezwa kununua ya ndani. Makaa hayo yana bei yake, inayotokana na makubaliano ya mgodi na kiwanda. Gawanya uzalishaji: uliouzwa ndani kwa bei ya ndani, uliouzwa nje kwa bei ya bandarini.

Hatua ya 5: Toa gharama, hasa za njia

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Gharama ziko za aina tano: kuchimba, kuosha, kusafirisha, bandari, na faida ya kawaida ya mtaji.

Kuchimba kwa shimo la wazi ni rahisi kuliko chini ya ardhi, lakini tazama ni udongo na mwamba kiasi gani huondolewa ili kupata tani moja. Kuosha kuna mtego wake: mgodi unaweza kuchimba tani mbili na kuuza moja, iliyobaki ikawa taka. Takwimu za serikali zinapotaja "uzalishaji", hakikisha ni tani zilizouzwa, siyo zilizotoka shimoni. Kwa makaa ya koki pengo hili ni kubwa sana.

Kisha njia. Makaa ni bidhaa nzito na ya bei ndogo. Dhahabu unaweza kuitoa Geita kwa ndege ndogo. Makaa ya Mbinga lazima yapite barabarani zaidi ya kilomita 700 hadi bandari ya Mtwara, roli kwa roli. Mwaka 2022 bei zilipopanda, meli zilifika Mtwara, bandari iliyozoea msimu wa korosho, kuchukua makaa ya Ruvuma. Wanunuzi wa mbali, hata wa Ulaya, walijitokeza. Njia ile haikuwa imefupika hata kilomita moja. Bei tu ndiyo iliyokuwa imepanda hadi ikaweza kulipia mafuta na matairi.

Msumbiji ina reli. Ile ya Sena inatoka Moatize hadi Beira, takriban kilomita 575. Ya Nacala, yenye kilomita 912, inakatiza Malawi na kuishia kwenye bandari ya kina kirefu. Reli hubeba tani kwa gharama ndogo sana ya kila kilomita kuliko roli, ila mtaji wake ni mkubwa na lazima uuhesabu.

Usipopata gharama halisi za kampuni (mara nyingi ni siri), kadiria kwa tani-kilomita: umbali mara gharama ya kubeba tani moja kilomita moja. Waulize wasafirishaji wenyewe nauli ya roli kwa tani. Watakujibu vizuri kuliko ripoti nyingi.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Namba zifuatazo ni za mazoezi. Nimezitengeneza zifanane na hali za pande mbili, lakini si takwimu rasmi za nchi yoyote. Ukishaelewa njia, weka zako.

Nchi ya kwanza ina makaa ya nishati ya kilokalori 5,400, na husafirisha kwa roli. Wastani wa bei ya miaka 5 kwa kilokalori 6,000 ni dola 120, kwa hiyo makaa yake ni dola 108. Kuchimba na kusaga ni dola 25. Roli kilomita 750 kwa dola 0.07 kwa tani-kilomita ni kama dola 53. Bandari 12, faida ya kawaida ya mtaji 6. Jumla ya gharama ni 96, ziada ni dola 12 kwa tani. Inauza tani milioni 2 kwa mwaka, hivyo ziada ya mwaka ni dola milioni 24. Akiba ni tani milioni 60, yaani miaka 30.

Nchi ya pili inauza tani milioni 10 kwa mwaka, nusu ya koki kwa dola 190, nusu ya nishati kwa dola 116. Wastani ni dola 153. Kuchimba ni 35 kwa kila tani iliyouzwa, kuosha 8, reli kilomita 900 kwa dola 0.035 ni kama 32, bandari 8, na faida ya mtaji, kwa kuwa reli na mgodi ni mali kubwa, 30. Jumla ni 113, ziada ni dola 40 kwa tani, sawa na dola milioni 400 kwa mwaka. Akiba inayoweza kuuzwa ni tani milioni 250, yaani miaka 25.

Sasa geuza ziada za miaka ijayo kuwa thamani ya leo. Dola utakayoipata miaka 20 ijayo haina uzito wa dola uliyonayo mkononi, kwa hiyo kila mwaka unapunguzwa kwa kiwango fulani. Benki ya Dunia imezoea kutumia asilimia 4. Kwenye Excel andika =PV(0.04,30,-24) kwa nchi ya kwanza, utapata milioni 415. Kwa nchi ya pili, =PV(0.04,25,-400) inatoa milioni 6,249, karibu dola bilioni 6.25. Usipokuwa na kompyuta, zidisha ziada ya mwaka kwa 17.29 kwa miaka 30, au 15.62 kwa miaka 25.

Nchi ya pili ina utajiri mara 15 ya nchi ya kwanza. Ukitumia hesabu ya mkato, tani mara bei, ungepata dola bilioni 6.48 kwa ya kwanza na bilioni 38.25 kwa ya pili, yaani chini kidogo ya mara 6. Ona makosa yalivyo mawili. Kila nchi imekuzwa, na iliyo dhaifu imekuzwa zaidi, karibu mara 16 dhidi ya mara 6, kwa sababu gharama zinameza karibu bei yake yote.

Hatua ya 7: Tikisa hesabu yako

Shusha bei ya nchi ya kwanza kutoka 108 hadi 96. Ziada imekwisha, na utajiri wote wa dola milioni 415 umekuwa sifuri kwa punguzo la asilimia 11 tu. Shusha bei ya nchi ya pili kwa asilimia hiyohiyo: inabaki na ziada ya karibu dola 23 kwa tani. Hii maana yake ni kwamba utajiri wa nchi ya kwanza ni wa msimu, huja bei zikipanda na kutoweka zikishuka, na mtu anayepanga bajeti ya halmashauri kwa kuutegemea lazima alijue hilo.

Sasa jaribu kinyume. Badala ya roli, nchi ya kwanza iwe na reli kwa gharama ileile ya jirani yake, dola 0.035. Usafiri unashuka kutoka 53 hadi 26. Ziada inapanda hadi 39 kwa tani, milioni 78 kwa mwaka, na thamani ya leo inafika karibu dola milioni 1,349. Imeongezeka zaidi ya mara tatu bila kugundua tani moja mpya.

Lakini kuwa mwadilifu hapa. Tani milioni 2 kwa mwaka haziwezi kulipia reli ya urefu huo peke yake. Ndiyo maana mipango ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa ikiunganishwa na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga wilayani Ludewa, ili makaa na chuma vibebane. Ukiweka reli kwenye hesabu, weka na mizigo mingine itakayoshiriki gharama, au ongeza gharama ya mtaji.

Jaribu pia kiwango cha punguzo cha asilimia 10, ambacho kampuni binafsi hukitumia mara nyingi. Nchi ya kwanza inashuka hadi milioni 226, ya pili hadi milioni 3,631. Uwiano haujabadilika sana, umetoka mara 15 hadi mara 16, na hilo ni jambo la kumwambia msomaji wako: thamani inategemea kiwango, nafasi ya nani yuko juu haitegemei.

Makaa ambayo hayajachimbwa

Njia hii inadai uzalishaji. Je, utafanya nini na Mchuchuma, yenye mashapo ya tani milioni 428? Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mradi wa dola bilioni 3 wa kuchimba makaa hayo, kuyeyusha chuma cha Liganga na kuzalisha megawati 600 za umeme. Zaidi ya miaka 10 ilipita bila mgodi mkubwa wala kituo cha umeme. Kenya nayo ina bonde la Mui, Kitui, ambako takriban tani milioni 400 zilikadiriwa kwenye kitalu C. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mazingira ya kituo cha umeme wa makaa cha Lamu, ambacho kingekuwa mteja wake mkubwa.

Kuyapa makaa haya thamani ya sifuri ni ukali uliopitiliza. Kuyapa thamani ya mgodi unaofanya kazi ni kujidanganya. Mimi hufanya hivi: nakadiria ziada kana kwamba mgodi upo, kisha naisogeza mbele kwa miaka ya kusubiri. Kwa kusubiri miaka 10, dola 100 inakuwa dola 68 kwa asilimia 4, au dola 39 kwa asilimia 10. Halafu naiandika kwenye mstari wake peke yake, nikiiita utajiri unaotarajiwa, na siijumlishi na ule wa migodi iliyopo. Usiruhusu mistari hii miwili ikutane.

Hatua ya 8: Nani anaupata

Utajiri wa nchi kwenye jedwali si fedha ya serikali. Msumbiji hutoza mrabaha wa asilimia 3 kwa makaa, na kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 32. Tanzania kodi hiyo ni asilimia 30, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia kwenye migodi yenye leseni kubwa na za kati. Mrabaha hutozwa kwenye thamani ghafi, kabla ya kutoa gharama. Katika mfano wetu, mrabaha wa asilimia 3 kwenye dola 108 ni dola 3.24, zaidi ya robo ya ziada yote ya nchi ya kwanza, ilhali kwenye nchi ya pili ni dola 4.59, kama asilimia 11 tu ya ziada yake. Asilimia ileile kwenye sheria inabana tofauti kabisa.

Chini ya serikali wako wenyeji. Msumbiji ilianza kutenga asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji, yaani mrabaha, kwa jamii zinazozunguka machimbo. Pale Moatize zaidi ya familia 1,000 zilihamishwa kupisha mgodi, nyingi zikapelekwa Cateme, na Januari 2012 wakazi wakaziba reli kudai maji, ardhi yenye rutuba na nyumba zisizovuja. Ardhi waliyoiacha ilikuwa na thamani pia: mazao, udongo wa matofali, ukaribu na soko. Thamani hiyo hutolewa kwenye utajiri wa makaa. Watu wengi huisahau kwa sababu haina stakabadhi.

Kwa fungu la kila mtu, tumia idadi ya watu ya mwaka mmoja kwa nchi zote. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ya mwisho ya Msumbiji ilikuwa ya 2017, ikiwa na karibu milioni 28. Kuzichanganya hivyo ni kosa, kwa hiyo chukua makadirio ya Umoja wa Mataifa. Ukiweka milioni 65 na milioni 34 kwenye mfano wetu, fungu ni dola 6 na senti 38 dhidi ya dola 184.

Hatua ya 9: Weka moshi kwenye hesabu

Makaa ya kilokalori 5,400 yakiungua hutoa takriban tani 2.1 za hewa ukaa kwa kila tani. Ukiipa kila tani ya hewa hiyo gharama ya dola 6 tu, ziada yote ya nchi ya kwanza, dola 12, imekwisha. Nchi ya pili inastahimili zaidi, na hata makaa yake ya koki yana wateja ambao bado hawajapata mbadala wa bei nafuu wa kuyeyushia chuma. Mnunuzi wa makaa ya nishati ana jua na upepo vikimvuta upande wa pili, na tangu mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa 2021 nchi nyingi zimeahidi kuyapunguza. Kwa hiyo usichukulie kwamba miaka 30 ya akiba ni miaka 30 ya mauzo. Fanya hesabu ya pili yenye miaka 15.

Usiihesabu hewa ukaa mara mbili: kimataifa huandikwa kwa nchi inayochoma, siyo inayochimba. Vumbi, maji machafu na barabara zilizoharibiwa na malori, hayo ni ya nchi inayochimba.

Hatua ya 10: Hakiki, kisha andika

Kwa Tanzania anza na Tume ya Madini, takwimu za Benki Kuu, na ripoti za TEITI, tawi la Tanzania la EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, mafuta na gesi. Kwa Msumbiji, ripoti zake za EITI na taasisi ya taifa ya migodi. Halafu fanya ukaguzi wa kioo: fungua takwimu za biashara za Umoja wa Mataifa, namba ya forodha 2701, ulinganishe nchi inachosema imeuza na kile ambacho India na wengine wanasema wamenunua. Tofauti ndogo ni ya nauli na bima. Tofauti kubwa inahitaji maswali, na mara nyingine ndiyo habari yenyewe.

Unapoandika, usitoe namba moja. Toa tatu kwa kila nchi: ya bei ya chini, ya wastani na ya juu. Taja pembeni mwaka wa bei, kiwango cha punguzo, daraja la akiba na njia ya usafiri uliyoichukulia. Weka tarehe. Baada ya miezi 12 rudia hesabu kwa bei mpya: mwaka 2017 msimamizi wa masoko ya fedha wa Uingereza aliitoza Rio Tinto faini ya pauni milioni 27.4 kwa kuchelewa kushusha thamani ya makaa yaleyale ya Tete kwenye hesabu zake.